Bastola ndogo ao kubwa? Mbele ya kuchagua kalibre, angalia ukuta wa nyumba yako

Swali hili lilitufikia mu simu, kisha kipindi cha asubuhi. Papa mmoja wa Bihambwe, mwenye ngombe na biashara kidogo ya koltani, alituambia hivi: "Bwana mwandishi, mimi niko natembea na franga ya watu. Bezi banajua njia yangu. Unieleze basi, pistole gani inafaa mutu ya kawaida? Ile kidogo ya kuficha mu koti, ao ile kubwa ya bakubwa ba jeshi? Na ile namba 9 banasemaka, njo nini?"

Redio yetu haiuzi silaha, na haimwambii mtu akanunue. Lakini swali la mzee huyu si swali baya. Hapa kwetu Masisi, watoto wanajua kutofautisha mlio wa bunduki mbele hata ya kujua kusoma. Tunasikia kila siku maneno "kalibre", "petit calibre", "pistole", na wengi wetu hatujui yanasema nini. Kutojua huko kunaua watu: kunaua mtoto aliyeokota lisasi, kunaua mama aliyelala nyuma ya ukuta wa mbao, kunaua na yule aliyefikiri kwamba bunduki ndogo inaumiza kidogo.

Kwa hiyo tutajibu swali lote, pole pole. Tutaeleza namba, kisha ukubwa, kisha nyumba zetu, kisha sheria. Mwisho tutarudi kwa yule papa.

Namba zilizo ku lisasi zinasema nini

Kalibre ni upana. Ni kipimo cha tundu la mtutu, na karibu sana ni upana wa lisasi lenyewe linalopita mule. Wanapima kwa milimita. Lisasi la 9 ni lenye upana wa milimita 9, karibu kama kidole kidogo cha mtoto. Lisasi la 7.65 ni jembamba kidogo kuliko hapo.

Lakini utaona mara nyingi namba ziko mbili: 9×19, 9×18, 7.62×39. Namba ya kwanza ni upana wa lisasi. Namba ya pili ni urefu wa ganda, ile sehemu ya shaba ya manjano inayobeba baruti. Na hapo ndipo siri yote iko. Lisasi ni kama jiwe la manati, na baruti ndiyo mpira. Mawe mawili yanaweza kulingana, lakini mpira ukiwa mrefu na wenye nguvu, jiwe linakwenda mbali na linapiga kwa nguvu zaidi.

Tuchukue mfano ambao kila mtu wa hapa ameuona. Kuna bastola ya zamani ya Kirusi inayoitwa Tokarev. Inatumia 7.62×25. Bunduki ya AK inatumia 7.62×39. Na ile bunduki ya mkanda, PKM, inatumia 7.62×54. Zote tatu ni 7.62, upana karibu ni mmoja. Lakini ukiziweka ku meza, utaona ganda la kwanza ni fupi kama sehemu ya mbele ya kidole, la tatu ni refu kama kidole kizima. Nguvu yao hailingani hata kidogo.

Wataalamu wanapima nguvu ya lisasi kwa kipimo kinachoitwa juli. Si lazima ujue hesabu yake, linganisha tu:

- Bastola ndogo ya 7.65: karibu juli 180.
- Bastola ya Makarov, 9×18: karibu juli 300.
- Bastola ya 9×19, ile inaitwa Parabellum: karibu juli 490.
- Bastola ya 11.43, ile Wamarekani wanaita 45: karibu sawa na ile ya 9×19. Lisasi lake ni nzito, lakini linakwenda pole kidogo.
- AK, 7.62×39: karibu juli 2000.
- Bunduki ya 5.56, kama M16: karibu juli 1700.

Angalia mstari wa mwisho. Lisasi la 5.56 ni jembamba kuliko lisasi la bastola yoyote katika orodha hii, lakini linapiga kwa nguvu mara tatu na zaidi kuliko bastola ya 9, kwa sababu linatoka ku mtutu kwa mbio ya zaidi ya metre 900 kwa sekunde moja. Kwa hiyo yule anayesema "hii ni namba kidogo, haina maneno" amekosea kabisa.

"Petit calibre" si lisasi la mchezo

Mara nyingi mu matangazo tunasikia neno ALPC, maana yake silaha nyepesi na za kalibre ndogo. Msikilizaji anaweza kufikiri ni silaha ndogo ndogo tu, za kutisha wezi. Hapana. Mu lugha ya Umoja wa Mataifa, silaha za kalibre ndogo ni zile mtu mmoja anaweza kubeba na kutumia peke yake: bastola, AK, M16. Silaha nyepesi ni zile zinazobebwa na watu wawili watatu: bunduki ya 12.7, roketi, na hata mortari za chini ya milimita 100. Wanaziita ndogo kwa kuzilinganisha na vifaru na mizinga. Hawazilinganishi na mwili wa mtu. Kwa mwili wa mtu, hakuna kalibre ndogo.

Historia yetu inatupatia ushuhuda. Tarehe 28 mwezi wa 6, 1914, mu mji wa Sarajevo, kijana mmoja anaitwa Gavrilo Princip alipiga masasi mawili na bastola ndogo ya mfukoni iliyotengenezwa Ubelgiji, ku kiwanda cha FN, mu mji wa Herstal. Ilikuwa ya kalibre 9 fupi, yenye ganda la milimita 17 tu, dhaifu kuliko 9 ya leo ya majeshi. Masasi mawili, watu wawili wakafa: mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria na mke wake. Ndani ya wiki chache dunia ikaingia mu vita. Na vita hiyo ikafika hadi kwetu: mwezi wa 9 wa mwaka ule ule, Wadachi waliokuwa wanashika Rwanda wakakamata kisiwa cha Idjwi mu Ziwa Kivu. Babu zetu wakachukuliwa kubeba mizigo ya vita ambayo hawakujua ilianzia wapi.

Ya kubeba na ya kujifunzia

Sasa tuje ku ukubwa wa bastola yenyewe. Hapa watu wengi wanadanganyika zaidi.

Kwa wale ambao sheria inawaruhusu, yaani polisi, walinzi, ao watu wa michezo ya kulenga mu inchi zenye kuwa na viwanja vyake, kuna aina mbili za kuchagua: bastola ya kubeba siku nzima, na bastola ya kujifunzia uwanjani. Hazifanani.

Bastola ya kubeba inakuwa fupi na nyepesi. Makarov, kwa mfano, ina urefu wa sentimetre 16 na uzito wa karibu gramu 730, na inabeba masasi 8. Inaingia mu koti bila kuonekana. Bastola kubwa ya jeshi, kama ile Browning GP ya kiwanda kile kile cha Herstal, iliyoanza mwaka 1935 na iliyozunguka sana mu majeshi ya Afrika, ina urefu wa karibu sentimetre 20, uzito wa karibu kilo moja, na shajeri yake inabeba masasi 13.

Mtu asiyejua anasema: nitachukua ndogo, ni rahisi. Kumbe ndiyo ngumu. Kuna sababu tatu.

Ya kwanza, mtutu mfupi una macho mafupi. Ku bastola kuna alama mbili za kulengea, moja nyuma na moja mbele. Zikikaribiana sana, kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa ku shabaha. Mkono ukitikisika kidogo tu, ku metre 15 lisasi limekwisha kupita pembeni.

Ya pili, bastola nyepesi inapiga teke. Nguvu inayosukuma lisasi mbele inasukuma na mkono wako nyuma. Bastola nzito inakula sehemu ya teke hilo, bastola nyepesi inakuachia yote. Ndiyo maana bastola ndogo yenye kalibre kubwa inamtisha hata anayeipiga: anafumba macho, anavuta kwa nguvu, na lisasi linakwenda asipotaka.

Ya tatu, mpini mfupi haujazi mkono. Kidole cha mwisho kinabaki hewani, na lisasi la pili linatoka mbele mkono haujatulia.

Ndiyo sababu ku viwanja vya kulenga, mwanafunzi haanzi na bastola ya mfukoni. Anaanza na bastola nzito yenye mtutu mrefu na kalibre ndogo sana, ile ya milimita 5.6 inayoitwa 22, ambayo teke lake ni dogo na masasi yake ni bei nafuu. Ku michezo ya Olimpiki wanalenga kwa bastola ya upepo ya milimita 4.5 ku metre 10, na ile ya 5.6 ku metre 25. Na hata baada ya miaka mingi ya mazoezi, mu uwanja wenye amani, bila mtu kuwarudishia masasi, wanakosa katikati ya shabaha.

Sasa jiulize: mtu wa Bihambwe akipata bastola, atajifunzia wapi? Hatuna uwanja wa raia. Akipiga lisasi moja tu ku kilima ili ajaribu, kijiji kizima kinakimbia, na wenye bunduki kubwa wanakuja kuuliza nani amepiga. Kwa hiyo atabaki na chuma mu koti ambacho hajawahi kukitumia. Siku ya hatari itakuwa ndiyo siku yake ya kwanza ya masomo: usiku, mu mvua, moyo unapiga, na mwizi ana AK. Bastola ni silaha ya metre chache. AK ni silaha ya metre mia na zaidi.

Lisasi linasimama wapi?

Hili ndilo jambo ambalo hatulisikii sana, na ndilo kubwa.

Watu wanauliza bastola gani ina nguvu ya kusimamisha mwizi. Swali la kwanza lingekuwa: lisasi likikosa mwizi, ao likimpita, litasimama wapi?

Mimi mwenyewe nilikulia mu nyumba ya mbao. Wengi wetu huku Masisi tunalala mu nyumba za mbao: ubao mmoja mwembamba, mabati juu, na mara nyingi gazeti ao karatasi ya ukuta ndani ili baridi isiingie. Ubao ule unazuia upepo. Lisasi hauzuii. Hata lisasi la bastola ya kawaida ya 9 linapita ukuta wa mbao, linavuka chumba, na linaweza kupita ukuta wa pili na kuingia kwa jirani. Lile la Tokarev, kwa sababu ni jembamba na linakimbia sana, linapita vizuri zaidi. Tusiongee tena lile la AK.

Mu sinema za Wazungu, mtu anapiga bastola ndani ya nyumba na lisasi linabaki mu ukuta. Ile ni sinema. Hapa kwetu, ukipiga lisasi ku mlango usiku, nyuma ya mlango kuna mwizi, nyuma ya mwizi kuna njia, upande wa pili wa njia kuna ubao wa jirani, na nyuma ya ubao ule mtoto amelala kichwa kikiwa ku ukuta. Masasi hayajui tofauti. Mu kambi za waliokimbia vita ni vibaya zaidi, kwa sababu kule ukuta ni shitingi.

Na lisasi lililopigwa juu? Wengine wanafikiri ukipiga hewani unatisha tu bila kuumiza. Lisasi la bastola ya 9 lililopigwa kwa mshazari linaweza kufika karibu kilometre 2 mbele ya kuanguka. Yale ya AK yanakwenda mbali kuliko hapo. Inchi yetu ni ya vilima: unapiga toka kilima hiki, linaanguka mu bonde la watu. Lisasi likipanda juu, lazima lishuke.

Jambo lingine la kujua: lisasi la AK linatembea karibu metre 700 kwa sekunde, na sauti inatembea karibu metre 340. Maana yake lisasi linafika mbele ya mlio. Mlio ukiusikia, lile lisasi limekwisha kupita. Usisimame kutafuta linatoka wapi. Lala chini palepale, jivute nyuma ya kitu kizito: jiwe, msingi wa mawe, gunia za mchanga, kifusi cha udongo. Si nyuma ya mlango, si nyuma ya gari la mabati, si nyuma ya ubao.

Sheria inasema nini

Mu Kongo, silaha na masasi vinaongozwa na sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa 9, 1985. Kwa ufupi, raia hawezi kuwa na silaha bila ruhusa ya mamlaka, na silaha za vita si za raia. Kuwa na ruhusa ya kuweka silaha na kuinunua njiani gizani ni vitu viwili tofauti kabisa. Bastola iliyotoka mu mikono ya askari aliyekimbia, ao iliyookotwa nyuma ya mapigano, haina karatasi na haitapata karatasi.

Watu wengi hawajui jambo hili: raia anayekamatwa na silaha ya vita, ao anayefanya kosa kwa silaha ya vita, anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, hata kama hajawahi kuvaa uniformi. Ndivyo zinavyosema sheria za kijeshi za tarehe 18 mwezi wa 11, 2002. Pale hutaulizwa kama ulikuwa na ngombe za kulinda. Utaulizwa silaha ilitoka wapi na ulikuwa unatumikia nani.

Inchi yetu imekubali pia mapatano ya nje. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazikaza inchi za Maziwa Makubwa kuandika alama ku silaha na kuzihesabu. Mapatano ya Kinshasa ya mwaka 2010, ya inchi za Afrika ya Kati, yalianza kufanya kazi mwezi wa 3 wa 2017, na yanakataza raia kubeba silaha ndogo bila ruhusa. Karatasi hizi ni nzuri. Sisi wa hapa tunajua kwamba kati ya karatasi na kijiji kuna barabara mbaya. Lakini siku mambo yatatulia, yule aliyekutwa na silaha ndiye atajibu.

Ku bariyeri

Tuache mahakama. Tuje ku njia ya kila siku, ile yule papa anapita na franga ya watu.

Toka Bihambwe hadi Rubaya, ao kushuka upande wa Sake, mtu anaweza kusimamishwa. Haizuru nani anashika kizuizi siku ile. Wakipapasa koti na wakuta simu na franga, wanaweza kuchukua franga. Hiyo ni hasara, na ni uonevu. Wakipapasa na wakuta bastola, mazungumzo yanabadilika palepale. Wewe si mfanyabiashara tena. Wewe ni adui, ao mpelelezi, ao mtu wa kundi fulani. Hata bastola ingekuwa ndogo namna gani, haitakuwa ndogo mu macho yao.

Sheria za vita, zile msalaba mwekundu wanatufundisha, zinamlinda raia kwa sababu hashiriki mapigano. Ulinzi mkubwa wa raia ni kuonekana wazi kwamba yeye ni raia. Bastola mu koti inaharibu ulinzi huo, na haikupi mwingine mahali pake.

Hata mu inchi yenye uwanja wa kulenga na karatasi zote, jambo hili ni gumu. Mu Nairobi, tarehe 21 mwezi wa 9, 2013, watu wenye silaha walishambulia soko kubwa la Westgate. Raia wachache wenye bastola za ruhusa waliingia pamoja na polisi, wakasaidia watu wengi kutoka. Walikuwa mashujaa. Lakini siku ile ile, mu fujo ile, askari wa inchi moja walirushiana masasi kwa kutotambuana, na mkubwa mmoja wa polisi akafa kwa masasi ya wenzake. Hao walikuwa watu waliofundishwa. Mtu asiye na uniformi, mwenye bastola mkononi, nani atamtambua?

Kama silaha iko mu nyumba kwa haki

Kuna nyumba ambamo silaha inalala kwa sababu baba ao mama ni polisi, ao ni askari. Kwa familia hizo, tunaomba msome pole pole.

Kila silaha muichukue kama imejaa, hata kama mmeambiwa ni tupu. Kutoa shajeri hakutoshi: lisasi moja linaweza kubaki ndani ya mtutu, na linatosha kuua. Ni kosa lililoua watu mingi mu dunia nzima, kwa mchezo, mchana, mu nyumba zenye amani. Mdomo wa silaha usielekee mtu hata siku moja. Kidole kikae mbali na kile kidude cha kuvuta. Silaha ifungwe kwa kufuli, na masasi yafungwe mahali pengine. Chini ya mto si mahali, juu ya kabati si mahali. Watoto wanajua mahali pote.

Na kwa watoto wa wote: lisasi lililookotwa si shaba ya kuuza. Msiligonge na jiwe, msilitupe mu moto. Bomu ao kitu kisichojulikana msikiguse kabisa. Muweke alama mbali, kama tawi ao mawe, na mwambie chef wa kijiji. Ukiokota bunduki, usiibebe wewe mwenyewe ukipita nayo barabarani kwenda kuirudisha. Mtu wa kuongea kwa niaba yako, chef, pasta ao padri, atangulie kutoa habari.

Kama mtu amepigwa lisasi

Usiangalie udogo wa tundu. Lisasi la bastola linaweza kuacha tundu kama la kifungo cha shati, lakini ndani limekata mishipa. Kila aliyepigwa lazima aone munganga, hata kama anatembea.

Fanya hivi: hakikisha wewe uko salama. Funika kidonda na kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu bila kuacha. Damu ikiruka toka mkono ao mguu na haikomi, funga kwa nguvu juu ya kidonda, upande wa karibu na mwili, na uandike saa uliyofunga. Usitafute lisasi kwa kidole ao kisu. Usiweke majani, wala mafuta ya gari. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa sababu anaweza kuhitaji upasuaji. Mfunike asipate baridi. Hospitali kubwa ya Masisi imesaidiwa na Waganga Wasio na Mipaka tangu mwaka 2007. Mu Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ndiyo inajulikana kwa kupasua waliopigwa masasi, pamoja na waganga wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa. Munganga hamuulizi mgonjwa ni wa upande gani.

Tumjibu sasa papa yetu

Papa, umeuliza ndogo ao kubwa, 7.65 ao 9. Umesikia: ndogo inafichika lakini inakosa, kubwa inalenga lakini inaonekana, na zote mbili zinapita ukuta wa jirani. Hakuna iliyotengenezwa kwa mtu anayelala mu nyumba ya mbao, asiye na mahali pa kujifunzia, na anayepita bariyeri kila wiki.

Unalotafuta si bastola. Unatafuta namna ya kufika nyumbani na franga ya watu, na wewe mwenyewe uko mzima. Kwa hilo, wenzako wamekwisha kupata njia ndogo ndogo. Franga nyingi ipite mu simu mahali mtandao uko, isipite mu koti. Usitangaze siku ya kusafiri, na usifuate saa ile ile kila juma. Musafiri wengi, na mu mwanga. Ngombe zichungwe kwa zamu na zirudi mapema. Jirani na jirani wakubaliane alama ya kuitana usiku: filimbi, sahani, mlio wa bati. Wakikusimamisha wenye bunduki, toa franga. Franga inarudi.

Njia hizi si za kishujaa, na haziondoi wezi. Tunajua kwamba mtu aliyenyanganywa mara mbili ana hasira, na tunajua kwamba waliopaswa kutulinda hawafiki kila mara. Hasira ile ina haki. Lakini usiku ukiwaza kununua, fanya jambo moja mbele: lala ku kitanda chako, weka kiganja ku ukuta, gonga kidogo. Usikilize nani anajibu upande wa pili.